Shuka ya Manjano

Rangwe,
17 Machi 2025

Kwako dada yangu Bitutu,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Rangwe. Natumaini barua hii itakukuta wewe na shemeji mko wazima huko Migori, na kwamba ule mgongo umekuachia walau ulime kidogo. Sisi tunasukuma siku. Mvua imeanza, na mimi bado niko na kiduka changu cha kuchapa kando ya soko, ambapo wateja wananiita nyar Kisii, binti wa Kisii, hata baada ya miaka kumi na sita. Utashangaa naandika kwa kalamu na simu ipo. Kwa simu ungenikatia kabla sijamaliza.

Bila shaka umesikia redioni kwamba Mwalimu Nashon Obare, yule wa kwaya, alifariki. Tulimzika Ijumaa. Jameni, watu! Walitoka Homa Bay mjini, walitoka Kosele, hata kisiwani Remba walivuka kwa mashua, na kwaya saba zilikuja na sare zao. Najua ulisema siku ukisikia amekufa utapika chai ya maziwa uinywe polepole. Sijui kama umeipika. Naomba usome kwanza.

Rispa, mjane wake, alikuja dukani nimchapie kijitabu cha mazishi, maana mimi ndiye huandika historia za marehemu hapa. Unazijua hizo historia: hakuna mlevi anayezikwa, wote walikuwa wacheshi na wacha Mungu. Lakini kwa Mwalimu sikuhitaji kutia chumvi. Alifundisha kwaya miaka thelathini na moja na hakuwahi kumfokea mtu, hata wale wa sauti ya nne wanaoimba kama wanasukuma gari. Niliandika yote. Kisha nikaandika kwamba alitunga nyimbo arobaini, ukiwemo ule uliompa jina kila mahali, wa kulala mpaka asubuhi ya ufufuo.

Ndiyo, ule wako.

Waliuimba kaburini, umati mzima. Walipofika kwenye maneno ya shuka ya manjano, mchungaji akawasimamisha, akaeleza kwamba hiyo ni dhahabu ya Yerusalemu Mpya, na watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshika maikrofoni, nimetoka tu kusoma ile historia. Nilijua ni shuka gani. Niliinunua mwenyewe sokoni Migori, na wewe ukamfunika nayo Nyamusi wako, aliyekaa duniani siku tisa. Watu wote wale walikuwa wanambembeleza mtoto wako bila kujua, na mimi nikasema amina pamoja nao.

Sasa nitasema, dada. Miaka kumi na minne umeamini kwamba Mwalimu alikuibia. Ulinipa daftari lako ulimouandika wimbo, nikuwekee kwa sababu hukuweza kulitazama, na ulipousikia wimbo redioni ukaja kwangu unalia. Nikakuambia daftari liliisha kwa mchwa, na kwamba lazima Mwalimu alikusikia ukiimba alipotembelea kanisa lenu. Nilikudanganya. Mimi ndiye niliyempa. Nilitaka kuimba solo, na nilijua akipata wimbo kama ule hatanikataa.

Naye aliuliza mwenye wimbo ni nani. Alitaka jina lako liandikwe, na uitwe usimame mbele ya kanisa. Nikamwambia nimekuuliza na umekubali uimbwe, ila hutaki jina lako wala la mtoto litajwe kamwe. Aliniamini. Ulipomnyima mkono kwenye makambi ya kanisa, mbele ya watu, alidhani ni uchungu wa mtoto, akaniambia ataendelea kukuombea.

Rispa alileta daftari hilo pamoja na picha za kijitabu. Kwenye jalada Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ni la mama Nyamusi, arudishiwe akiwa tayari. Lilikuwa mezani, kando ya kompyuta, nikichapa hizo nyimbo arobaini. Ningeweza kuandika thelathini na tisa. Mkono ulikataa, kwa aibu tu, kwa kuogopa watu.

Jana nilikwenda nikamwambia Rispa kila kitu. Hakunifokea. Aliuliza tu, sasa ni nani atamwambia Mwalimu.

Daftari limo ndani ya bahasha hii. Ubeti wa nne, ule wenye jina la Nyamusi, hakuna aliyewahi kuuimba, kwa sababu Mwalimu aliyaheshimu maneno niliyokuwekea mdomoni. Nilijaribu kuuimba dukani nikiwa nimefunga mlango, nikakwama kwenye jina. Huo ni wako, uimbe ukiweza.

Msalimie shemeji, na wasalimie watoto wote. Sikuombi unijibu. Lakini kama ile chai uliipika, dada, tafadhali imwage.

Ni mimi mdogo wako,
Nyasuguta