Mvua ya Mawe Juu ya Bati Langu

Karatu, 4 Juni 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na ule mguu uliokusumbua wakati wa palizi? Sisi huku tunapumua. Mjukuu wako Tluway anaota meno na usiku kucha ananitafuna mimi, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala, ujue na mwandishi anasinzia.

Mama, nakwambia kabla hujaambiwa na watu. Jumanne nilipokwenda kuteka maji, mwizi aliingia. Amechukua pasi na blanketi letu kubwa. Cherehani hakuichukua, labda alisikia mtu anapita. Lakini ameiona, na mimi najua atairudia.

Natafuta kitu cha kulinda mlango. Tafadhali usimwandikie Piusi huko Tanga. Mume wangu namjua, ataacha masomo ya ufundi aje akae mlangoni na rungu.

Mwanao,
Marsela

Endamarariek, 12 Juni 1978

Mwanangu Marsela,

Marahaba. Mguu upo, unanifikisha ninakotaka. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa elimu ya watu wazima amekaa hapa anakunywa uji wangu, kwa hiyo akiona kosa atalimeza pamoja na uji.

Leo ni pasi na blanketi. Kesho je? Mwanamke peke yake na mtoto mchanga, tena mjini, tena nyumba ya bati! Nilipolala kwako siku ile ya mvua sikusikia hata sala zangu mwenyewe. Nyumba yangu ya udongo imetulia na ina watu. Sasa sikiliza. Baada ya mavuno trekta la kijiji litaleta mahindi Karatu, nami nitapanda. Likirudi litawabeba wewe, mtoto na cherehani. Piusi akimaliza atawakuta kwangu.

Mama yako,
Mama Piusi

Karatu, 25 Juni 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi za shamba. Tluway hajambo, jino limetoka, sasa anauma kwelikweli.

Barua yako nimeielewa. Nakuheshimu, na kwako napapenda. Lakini sitahama, Mama. Sare za watoto wa shule ndizo zinazotulisha Piusi akiwa masomoni, na wazazi wanaozitaka wako hapa. Wamenikabidhi vitambaa vyao. Nikiondoka kwa kumwogopa mwizi, atakuwa ameiba na kazi.

Nimekwenda dukani kwa Abbasi, mume wa jirani yangu Mwanamisi. Anayo kengele ya umeme: unafunga waya mlangoni, mlango ukifunguka inalia. Nimeipenda, ila inakula betri, na siku hizi hata betri ya redio ni kubahatisha. Nikamuuliza, "Zikiisha je?"

Akasema, "Basi shona taratibu, umsikie mwizi akija."

Mwanamisi akamtupia kandambili.

Nikaazima mbwa. Fisi wakilia upande wa msituni, naye anawajibu mpaka kunakucha. Majirani walimzoea upesi, wakawa wanalala tu. Tluway ndiye hakumzoea. Nimemrudisha.

Sasa Nanyokie, yule mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa, amenipa njuga za ng'ombe. Hazitaki betri wala ugali. Nimezining'iniza nyuma ya mlango. Nitakupa habari.

Mwanao,
Marsela

Endamarariek, 3 Julai 1978

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima, mahindi yamekauka vizuri.

Umejifunga njuga? Basi nije na majani badala ya trekta.

Mama Piusi

Karatu, 16 Julai 1978

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mtoto ameamka, kwa hiyo hasara ni yako.

Njuga nimezijaribu mchana kweupe bila kumwambia mtu. Nilitikisa mlango mpaka mkono ukaniuma. Hakutoka hata kuku! Nikamfuata Mwanamisi, "Hukusikia?"

"Nimesikia. Nikajua ng'ombe wanapelekwa mnadani."

"Wanapita ndani ya nyumba yangu?"

"Mama Tluway, mimi huwa sihesabu ng'ombe wa watu."

Nilirudi nikakaa kizingitini nikalia kidogo, sikufichi. Nimechoka, Mama. Usiku mtoto, mchana sare, na macho yote mlangoni.

Nikiwa pale pale, kunguru akadondosha gunzi juu ya bati langu. Gunzi moja tu! Mwanamisi akachomoka jikoni na mkeka, anakimbilia maharage yake yaliyoanikwa. Nilianza kumcheka, halafu nikalitazama bati.

Nimepata kitu. Usipande trekta mpaka nikuandikie.

Mwanao,
Marsela

Karatu, 9 Agosti 1978

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena! Kaa chini kwanza, na mwalimu naye aweke uji pembeni.

Nilipandisha debe juu ya bati, nikalijaza kokoto, nikalifunga kamba iliyoshuka mpaka mlangoni. Mlango ukisukumwa, debe linapinduka. Mimi mwenyewe nina namna yangu ya kuilegeza kamba kutoka nje, ila hapa siiandiki, barua hupita mikono mingi.

Juzi ilikuwa siku ya mnada. Nilimpeleka Tluway kliniki kupimwa uzito, kwa hiyo haya nimesimuliwa na Mwanamisi. Majirani wote walikuwa wameanika mahindi, jua kali, wingu hakuna. Mara bati langu likanguruma! Mwanamisi akapiga ukelele, "Mvua ya mawe! Anueni mahindi!" Mtaa mzima ukamwagika nje, huyu na gunia, yule na mkeka, mwingine na sabuni kichwani. Wanatazama juu, mbingu safi. Wanatazama bati langu, kokoto bado zinateremka.

Na mlangoni kwangu, Mama, amesimama mwanamume, cherehani yangu ameshainyakua hapo nyuma ya mlango, iko begani, mkono mmoja ameunyoosha nje kupima mvua.

Mwanamisi akamwuliza, "Kaka, huko ndani kunanyesha?"

Alikosa pa kukimbilia, kila upande watu na mikeka. Wakamwamuru airudishe cherehani ndani polepole, isikwaruzwe. Balozi wa nyumba kumi akaja akamchukua, na jana kwenye chumba alichopanga wameikuta pasi yangu. Blanketi alishaliuza. Nitashona jingine, cherehani si ninayo?

Niliporudi kutoka kliniki nilikuta watu wamenijazia debe kokoto upya. Abbasi anasema kengele yake ya umeme ataitundika shingoni mwa mbuzi. Na Tluway ameongezeka uzito.

Kwa hiyo Mama, nakwambia kwa upendo na kwa kinywa kipana: mimi na mwanangu tunabaki hapa, chini ya bati letu. Wewe njoo kama mgeni, nikupikie. Ila ukifika piga hodi mbali, usiguse mlango.

Mwanao,
Marsela

Endamarariek, 17 Agosti 1978

Mwanangu Marsela,

Marahaba, na marahaba nyingine. Barua yako imesomwa darasani, mwalimu ameirudia kwa kuombwa. Mjukuu nilimpa jina la mvua ili atuletee mvua, kumbe mama yake ndiye wa mawe.

Piusi nimemwandikia, usinigombeze. Nimemwambia asome kwa utulivu, nyumba yake ina mwenyewe.

Trekta linakuja Jumamosi kama nilivyosema, nami nimo. Usifungashe kitu. Kamba yako nitaomba unionyeshe kwa mdomo, maana huku kuna mtu anazoea banda langu la mbuzi.

Nitafutie bati moja, hata lililotoboka.

Mama yako,
Mama Piusi