Kona ya Kushoto ya Mkoba

Jericó, Antioquia
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Nubia,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote huku mlimani. U hali gani, na mumeo Vicent hajambo? Mtoto Nerea je, meno yamekwisha kutoka? Sisi ni wazima, ila Baba ana kikohozi kidogo kwa sababu ya ukungu. Tangu Oktoba unashuka kila siku saa nane mchana, na ikifika saa kumi huoni hata mnara wa kanisa. Bibi Ofelia ni mzima wa mwili. Mengine ya Bibi ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningeandika na kufuta mpaka asubuhi.

Kwanza nikupe habari ya mfuko. Tangu Juni, nikitoka shule napita kwa Mzee Leonel, yule fundi wa mtaa wa chini anayeshona karieli, mikoba yetu ya begani ya ngozi yenye kifuniko cha manyoya. Amestaafu lakini karakana hajaifunga. Sitafuti kazi kwake, napenda tu kushona ngozi. Ninashona mfuko wa kubebea vitabu begani, mpana, wenye kifuniko na bizimu moja, kwa kipande cha ngozi ya ng'ombe alichoniachia Babu. Mzee Leonel alipouona mchoro wangu hakupendezwa.

"Karieli ina mifuko tele, na kila mmoja una kazi yake," alisema. "Hili lako ni nini? Gunia?"

"Ni la vitabu, Mzee."

"Haya, msomi. Ila ngozi si daftari. Ukitoboa, umetoboa."

Alinifundisha kupima mshono kwa uma wa mezani, kutoboa kwa msharasi, kupaka uzi nta, na kushona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja. Kazi hii naiweza kuliko ninavyoweza maongezi. Ngozi haikuulizi mbona umenyamaza.

Alinifundisha na desturi yao. Kila karieli ina mfuko mmoja wa siri. Fundi akimaliza humwonyesha mwenye mkoba mahali ulipo, kisha fundi mwenyewe anapaswa kuwa kama amesahau. Mtu mwingine haufungui, awe mke, awe mama.

Karieli ya Baba Mkubwa Abelardo ipo palepale ulipoiacha, kwenye msumari wa sebuleni. Mimi nilizaliwa miaka sita baada ya yeye kupotea, lakini nimekua naye. Mkanda bado umepinda kwa umbo la bega lake. Kila Jumamosi Bibi huushusha mkoba na kuyachana manyoya ya kifuniko kwa kitana chake mwenyewe, taratibu, kama anachana kichwa cha mtoto aliyelala. Nikipita hapo peke yangu mchana wa ukungu huwa nausalimu. Usinicheke, Shangazi. Naona kuupita kimya ni kukosa adabu.

Unajua kuliko mimi jinsi ilivyokuwa. Mkanda ulikatika, Baba Mkubwa akaupeleka mkoba kwa Mzee Leonel siku ya Ijumaa, kesho yake akapanda basi kwenda sokoni, asirudi. Juma lililofuata Mzee Leonel aliuleta mkoba, mkanda umeshonwa vizuri. Tangu hapo Bibi ana neno moja: Abelardo aliondoka na kitambulisho chake, na mwenye kitambulisho hupata kazi popote. Yuko mahali. Atakuja.

Mwezi wa Septemba padri alitangaza baada ya misa kwamba watu wanaowatafuta waliopotea watakuja kwenye ukumbi wa parokia tarehe saba Novemba. Wangechukua tone la damu la kila ndugu, walilinganishe na mifupa iliyopatikana huku na huku. Damu ya mama ndiyo bora kuliko zote. Baba alimsihi Bibi jioni nzima.

"Damu huombwa mama wa maiti," Bibi akamjibu. "Mimi ni mama wa msafiri."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi uliopita Mzee Leonel alikwenda Medellín kupasuliwa jicho, nami nilikuwa nimefika kwenye mbavu za mfuko, ile mikunjo inayofunguka kama kodiani. Yangu ilikataa. Nilifumua mara tatu, na kila mara ngozi ilivimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikautazama mkoba ulioko msumarini.

Jumanne ile Bibi alikwenda kusali kwa jirani. Nikaushusha. Nilikusudia kufumua mishono michache tu ya bitana, kona ya kushoto chini, nione mkunjo ulivyokatwa, kisha nirudishe uzi kwenye matundu yaleyale. Nilifumua mishono saba. Kidole changu kikaingia mahali ambapo hapakupaswa kuwa na nafasi.

Ndani kulikuwa na karatasi iliyofungiwa kitu kigumu. Kile kigumu ni kitambulisho cha Baba Mkubwa. Picha yake ina masikio yangu. Kwenye karatasi kulikuwa na maandishi ya penseli: chumvi ya ng'ombe, betri mbili, sukari guru, utepe wa bluu wa Nubia. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, Shangazi. Nilifikiri nikufiche neno hilo, nikaona si langu kulificha.

Nilikaa sakafuni na mkoba wazi mapajani. Ulitoa harufu ya jasho la mtu, baada ya miaka ishirini na miwili, kama mtu ametoka tu kuuvua. Ninyi mliokuwapo mnajua ni akina nani waliosimamisha mabasi kwa bunduki miaka ile na kuuliza vitambulisho, na asiyekuwa nacho alishushwa akafanywa nini. Mimi nimesoma tu. Lakini nilielewa.

Nikaushona na kuurudisha msumarini. Kadi na karatasi niliviweka ndani ya kitabu cha hesabu, na siku zile zote nilihisi mtu amesimama nyuma yangu anasoma juu ya bega langu, bila haraka, akisubiri nifungue ukurasa.

Ijumaa Mzee Leonel alirudi, jicho moja limefunikwa kwa pamba. Nikamwambia.

"Umefungua siri ya mtu?"

"Sikujua kama ndipo ilipo, Mzee."

Nikampa kadi. Aliisogeza kwenye jicho lake zima akaiangalia mpaka nikaogopa.

"Nilikaa na mkoba ule juma zima," alisema. "Juu ya meza hii. Bibi yako alikuja mara mbili kuuliza kama kijana aliacha neno. Siri niliishona mimi, nilijua ilipo. Sikufungua. Nimejisifu kwa hilo miaka yote hii, msomi. Kila mwanafunzi niliyempata nimemwambia, hata mimi fundi sikufungua."

Nilimwomba twende pamoja kwa Bibi. Alikataa kwa kichwa. "Ataniuliza kwa nini sikufungua, nami sina jibu ila desturi. Nenda wewe."

Kabla sijaondoka aliuvuta mfuko wangu, akaukunja, akacheka kidogo bila furaha. Ngozi ya mbavu ilikuwa nene mno, ilitaka kupunguzwa kwa kisu upande wa ndani. Alinionyesha kwa dakika tano. Ningesubiri siku tatu tu, Shangazi, nisingeugusa ule mkoba, na Bibi angekuwa bado mama wa msafiri. Nalifikiria hilo kila ninaposhika kisu, na sijui kama natamani ningesubiri.

Jumamosi ilikuwa Siku ya Marehemu. Tulikwenda makaburini kwa Babu, tukarudi, na Bibi akaushusha mkoba kuuchana kama kawaida. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuanzia. Sikuyahitaji. Kitana kilisimama.

"Uzi huu si wa Leonel," alisema. "Nani kaushona?"

"Mimi, Bibi."

"Ulifungua?"

"Nilifungua. Nisamehe."

Nikaweka kadi na karatasi mezani mbele yake. Hakulia. Alichukua karatasi kwanza, akaisoma huku midomo ikicheza.

"Kasahau sabuni," alisema. "Nilimwambia sabuni mara mbili."

Kisha akaweka kidole gumba juu ya picha, akaufunika uso, akaufunua, akaufunika tena.

"Huyu mjinga alipanda basi bila hiki?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Baba aliingia, akaona, akatoka nje akapasua kuni mpaka giza likamkuta, kuni tusizozihitaji.

Siku zilizofuata Bibi hakusema zaidi ya "chukua arepa" na "funga mlango". Mimi nilikula mkate wangu wa mahindi nikitazama sahani. Nilidhani nimemuua Baba Mkubwa mara ya pili, safari hii kwa msharasi.

Alhamisi nilipotoka shule nilimkuta Bibi amesimama mlangoni, amevaa viatu vya kanisani.

"Twende," alisema. "Utanisomea hizo fomu."

Ukumbini foleni ilikuwa ndefu. Mama wale wote wamekaa kijiji kimoja miaka hiyo yote, Shangazi, na walitazamana kama watu waliokutana uchi. Zamu yetu ilipofika, binti mmoja mpole mwenye glavu alimshika Bibi kidole, akakichoma, akaliacha tone lidondoke kwenye karatasi. Kisha akachukua kalamu na kuuliza jina.

"Abelardo de Jesús Arroyave Ossa."

"Ana miaka mingapi, mama?"

"Arobaini na sita."

"Samahani, mama. Nauliza umri wake siku alipopotea. Ishirini na nne, siyo?"

"Umeniuliza ana miaka mingapi," Bibi alisema, huku amekibana kidole chake kwa pamba. "Ana miaka arobaini na sita. Andika."

Yule binti akanitazama mimi. Unanijua, macho yangu huwa chini. Siku ile niliyainua, nikamwitikia kwa kichwa, naye akaandika.

Wamesema damu ya ndugu wa tumbo moja inasaidia pia, hata ikichukuliwa huko Hispania. Baba atakupigia kukueleza njia. Bibi hakutaka uambiwe kwa simu. Amesema uandikiwe, usome ukiwa umeketi.

Nisalimie Vicent, na umbusu Nerea kwa niaba ya dada yake asiyemjua. Baba na Mama wanakusalimu, na Mzee Leonel pia, ingawa aliniambia kwanza nikuulize kama utaipokea salamu yake. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe usingizi baada ya barua hii.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kutoka mbali,
Salomé