Kocha Alituambia Anakwenda Kula Senene

Mpendwa Shangazi Selina, shikamoo. Naomba msaada, na kabla sijaanza naomba usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu hapa Pasiansi nimeshachekwa na kila mtu mpaka muuza vocha, na nimekuandikia wewe kwa kuwa mke wangu husoma ukurasa wako kila Jumatano, na ukishasema wewe nyumbani kwetu hakuna rufaa.

Mimi ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Mwamba FC hapa Pasiansi, wanachama sitini na wawili, na ni baba wa mtoto mmoja wa kiume wa miezi minne, na mtoto huyo ndiye shida yenyewe, maskini, ingawa yeye hana kosa. Tulimpa jina la kocha wetu, Alexander Kahigwa, yule aliyeikuta timu mkiani akaifikisha nafasi ya tatu, na tangu siku hiyo mtaa uliacha kuniita jina langu, nikawa Baba Kocha, hata mafundi wa pikipiki wananiita hivyo, na kwenye kadi ya kliniki imeandikwa Alexander, na Jumapili ya kwanza ya Desemba anabatizwa, na baba wa ubatizo tuliyemwomba ni kocha mwenyewe, akakubali kwa mikono miwili, na sasa kocha huyohuyo amehamia Senene FC ya Bukoba, wale waliojiita kwa jina la panzi wa kukaangwa wa Wahaya, timu ambayo sisi hata kuitaja mezani hatuwezi, chakula hakishuki.

Shangazi, ametuacha bila kuaga, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Jumamosi moja alikuja tawini kwetu bila kualikwa, akanywa soda, akampa mkono kila mtu mmoja mmoja, hata Malimi wa bajaji ambaye huwa anamtukana kila tukifungwa, halafu akasimama akasema, "Ndugu zangu, nawashukuru kwa yote. Kama kuna niliyemkosea, anisamehe. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nakula senene Bukoba." Sasa Shangazi, mwezi ujao tuna mechi na Senene FC, na inachezwa hukohuko Bukoba. Wewe ungeelewaje? Tawi zima liliruka. Katibu wetu Masele alimshika mguu wa kulia, mimi wa kushoto, tukambeba tukamzungusha tawi mara tatu tunaimba "Tunawala! Tunawala!", na kocha akaanza kulia, na sisi tukasema mnaona mtu mwenye uchungu na timu, tukamfungia na sangara mkubwa wa kwenda naye nyumbani.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Yeye ni Mhaya. Akaniuliza, "Mbona mnashangilia? Mtu anawaaga. Huu si msimu wa senene? Anarudi kwao." Nikamwambia, "Mama Alex, huu ni mpira, tuachie sisi." Na Jumatatu saa nne asubuhi kocha akatambulishwa Bukoba, skafu ya kijani shingoni, anacheka.

Tangu hapo tawi ni msiba. Ukutani tulikuwa tumechora uso wa kocha, wakaupaka chokaa, lakini mvua za mwezi huu zimeosha chokaa na macho yametokea, sasa tunafanya vikao huku anatutazama. Malimi alikuwa ameandika nyuma ya bajaji yake KAHIGWA HAONDOKI, akachukua kisu akakwangua, akachoka katikati, sasa inasomeka KAHIGWA ONDOKI, neno ambalo halipo kwa Wasukuma wala kwa Wahaya, na abiria wanamuuliza maana yake. Masele ameapa mbele ya kikao kwamba hatatia mdomoni kitu chochote kilichotoka Bukoba, si ndizi, si kahawa, si senene, mpaka Mwamba ichukue kombe, na mkewe anasema huyo atakufa na njaa.

Halafu kikaitishwa kikao cha dharura, ajenda moja tu, jina la mtoto wangu. Wakasema mwenyekiti hawezi kulala nyumba moja na jina la msaliti. Wakaazimia mtoto apewe jina la kocha mpya, nami nikawakumbusha kwamba uongozi bado haujatangaza kocha mpya, basi wakaazimia kwamba kwa sasa aitwe Nestory, kwa kuwa kaimu kocha anaitwa Nestory, ila jina hilo liwe la kukaimu tu mpaka uongozi utakapomthibitisha. Wakaandika kwenye muhtasari, wakapiga muhuri wa tawi. Na wakasema Kahigwa akionekana kanisani siku hiyo, hakuna shabiki atakayekanyaga kwenye sherehe yangu, na uenyekiti niusahau.

Mke wangu nilipomsomea huo muhtasari alichukua filimbi akaipuliza mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Filimbi hiyo ni ya kocha, maana mke wangu alipokuwa anajifungua ilitakiwa damu upesi, nikaandika kwenye kundi la tawi, wengi wakaweka zile alama za viganja vya kuomba, wakaja wawili tu na wote walikuwa wameshaonja pombe wakarudishwa, akaja kocha kutoka mazoezini akiwa na bukta na filimbi shingoni, akatoa chupa moja, akarudi mazoezini, filimbi akaisahau, na mpaka leo imening'inia kwenye msumari chumbani kwetu, lakini hayo ni ya wakati ule na mpira ni mpira. Siku hizi kila nikisema "yule mtoto" badala ya kusema Alexander, mke wangu anapuliza filimbi. Juzi alinipulizia nikiwa naoga.

Kocha amenipigia simu mara nne, sikupokea. Siku tano zilizopita akatuma ujumbe: "Baba Alex, Jumapili ya ubatizo nije au nisije? Nijibu tu, lolote nitalipokea." Sijajibu, Shangazi. Kila nikishika simu mkono unakuwa mzito. Ijumaa kabla ya ubatizo katekista anataka jina la mtoto na la msimamizi, na mke wangu ameniambia wazi kwamba kama Kahigwa haji, yeye na mtoto hawaendi kanisani. Nampenda mke wangu, na tawi nalipenda, nimelijenga kwa mikono yangu tangu tukiwa watu saba chini ya turubai. Na yule mtu, nikisema ukweli, nilikuwa nampenda kuliko kaka yangu, ndiyo maana siwezi kumsamehe kwa kutuacha bila kuaga. Nimjibu nini? Nibadili jina au niliache?

Ni mimi niliyekuwa Baba Kocha, Pasiansi, Mwanza.

Shangazi Selina anajibu

Marahaba, Baba Alex. Nimeshakuita Baba Alex, kwa hiyo jibu la swali lako la pili umelipata kabla hata sijakaa vizuri.

Nimecheka. Nilijitahidi, nikafika mpaka kwenye yale macho ya ukutani nikiwa mkavu, lakini mtoto wa kukaimu amenishinda, nililazimika kuweka kikombe chini. Hebu niambie, huyo Nestory asipothibitishwa, mtoto mtampa notisi ya mwezi mmoja?

Kwanza pole, na pole yangu ni ya kweli. Kocha mzuri akiondoka inauma, na anayesema huo ni mpira tu hajawahi kupenda kitu. Mimi siyo mtu wa mpira, ni mtu wa kwaya. Mwalimu wetu Nkwabi aliwahi kutuacha akahamia kwaya ya Buswelu, wiki tatu kabla ya mashindano, na sisi wa sauti ya pili tulimnunia kiasi kwamba tukikutana naye sokoni tulikuwa tunageukia nyanya. Tulishika nyanya nyingi mwaka ule. Kisha mama yangu akafariki, na mtu wa kwanza kufika nyumbani na kuanzisha wimbo alikuwa Nkwabi, na mimi nililia siku ile kwa mambo mawili, la mama na la aibu. Nakuambia haya ili usidhani nakugombeza nikiwa juu ya mti.

Sasa nakugombeza. Umeandika mara mbili kwamba kocha ameondoka bila kuaga. Baba Alex, soma barua yako mwenyewe. Mtu amekuja bila kualikwa, amempa mkono kila mmoja hadi anayemtukana, ameshukuru, ameomba msamaha, ametaja anakokwenda na mwezi wa kwenda, na amelia. Ulitaka aage vipi, apige ngoma? Mhaya akikuambia mwezi wa senene anakula senene Bukoba, anasema yuko njiani kwao. Ulikuwa na mkalimani amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, ukamwambia akuachie. Kocha ameaga vizuri kuliko watu wengi ninaowajua, ila ninyi mlikuwa mnaagwa huku mnaimba "Tunawala", na mguu wa kushoto uliushika wewe. Nadhani alilia kwa sababu alishindwa kuwaharibia furaha.

La pili ndilo lililonikera zaidi. Habari ya damu umeificha katikati ya barua, kati ya filimbi na bafu, kama mtu anayepitisha kitu mlango wa nyuma. Kati ya wanachama sitini na wawili, wengi walituma viganja. Mtu mmoja alituma mkono wenyewe, ukachomwa sindano. Mama Alex yupo hai na anapuliza filimbi nyumbani kwako, na wewe unaniambia hayo ni ya wakati ule. Hapana, baba, huo ni wakati huu, na utaendelea kuwa wakati huu kila mtoto huyo akimwita mama yake. Jina hukumpa kwa ajili ya nafasi ya tatu hata kama mtaa unadhani hivyo. Msimamo wa ligi hubadilika kila wiki, mtoto hawezi kufuata.

Fanya hivi. Ulisema ujumbe una siku tano, na mpaka gazeti hili linakufikia zitakuwa zimefika kumi na mbili, na kwa siku zote hizo kuna mtu Bukoba anatazama simu yake akidhani umemfuta. Mjibu sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma. Usimwandikie barua ndefu kama hii yangu. Mwandikie "Njoo." Ukiona mkono mzito, mpe simu Mama Alex aandike yeye, halafu ukae karibu. Kisha mwombe mkeo msamaha, kwa sababu alielewa mpira kuliko tawi zima, na mwambie Shangazi kasema filimbi irudi kwenye msumari, kukupulizia ukiwa unaoga ni kukuonea.

Ijumaa mpe katekista majina mawili, Alexander na Alexander, mtoto na wajina wake. Hakuna cha kukaimu mbele ya padre.

Tawi nalo usilikimbie, maana ni watu wako na najua unawapenda. Waitishie kikao kulekule chini ya macho ya kocha, na msimpake chokaa tena, mwacheni asikilize. Waambie ukweli wote, na habari ya damu ianze, isije katikati. Waambie siku ya mechi mtakwenda Bukoba na mtamzomea Kahigwa dakika zote tisini mpaka sauti zikauke, na wewe utakuwa mbele, na yeye mwenyewe atashangaa usipomzomea. Lakini Jumapili anakuja kama baba wa ubatizo, na skafu ya kijani ataiacha kwenye begi. Atakayesusa asuse. Wakitaka kiti cha mwenyekiti, wape, najua viti vya matawi, ni vya plastiki. Ila sidhani watakitaka. Watu waliobeba mtu mabegani hawamchukii, wanamkumbuka tu, na mashabiki wako wanamkumbuka mpaka wanachukia ndizi.

Kuhusu Masele, mwombee. Baba wa ubatizo anayetoka Bukoba mwezi wa Desemba hawezi kufika mikono mitupu, na Mama Alex anajua kukaanga senene. Harufu itafika tawini kabla hata hamjatoka kanisani, na nataka kuona kiapo kile kitafika saa ngapi.

Na wakikuuliza kikaoni sherehe itakuwaje, simama, wape mikono, wajibu kwa maneno yaleyale ya kocha: "Ndugu zangu, Jumapili, Mungu akipenda, tunakula senene." Watashangilia, ninawajua. Safari hii watakuwa wameelewa.