Mdogo wangu yuko Dakar, hajui kwamba mama tumemzika

Mama Anastasie mpendwa, nakuomba unishike mkono, na ikiwezekana unijibu kabla wiki hii haijaisha kwa sababu jambo lenyewe halingoji. Mimi ni msichana wa hapa Kasongo, mtoto wa kwanza nyumbani kwetu, natunza duka la baba karibu na soko, na nina mdogo wangu mmoja tu wa tumbo moja, Rachida, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, ambaye anasomea kazi ya maabara kwenye chuo kikuu huko Bukavu, na mwaka huu walimchagua aende kusoma muhula mmoja Dakar, Senegal, na siku anaondoka mama alimsindikiza hadi kwenye pikipiki huku anakohoa, akamfunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya vumbi la njia, akamwambia asome, asiwaze mambo ya huku.

Mama huyo amefariki. Kile kikohozi kilimzidi baada ya Rachida kufika kule, tukampeleka hospitali, akapata nafuu akarudi nyumbani, akazidiwa tena, na alfajiri moja akatutoka, na adhuhuri ya siku hiyo hiyo tukawa tumeshamzika kama dini yetu inavyotaka, kwa hiyo hata kama Rachida angepata ndege asingemkuta. Baba alituita wote chumbani tukiwa bado na udongo wa makaburini miguuni, akasema, "Rachida haiko mutoto wa kuambiwa kilio ku simu. Nani atamushika kule? Akirudia tutamuambia hapa, mu nyumba." Nawe unajua desturi yetu, Mama Anastasie, msafiri haambiwi msiba akiwa mbali, anangojwa afike, anapewa maji kwanza, anakalishwa mkekani, wanawake wawili wanamshika mikono huku na huku, ndipo anaambiwa. Wote tuliitikia, hata mimi niliitikia, na nikapewa kazi ya kupokea simu zake.

Tangu siku hiyo mimi ni mwongo. Rachida akipiga na kumtaka mama, namwambia yuko shambani upande wa Wamaza kwa shangazi, kule hakuna rezo, simu haishiki, na akianza kuuliza sana nasema sauti yake inakatika, "Rachida, sikusikii, sikusikii," nakata, kumbe namsikia vizuri kama yuko jikoni. Nimekuwa nikicheka kwenye simu nikiwa nimevaa nguo ya msiba. Siwezi kulia kwa sababu nikilia sauti inabadilika, na Rachida anaijua sauti yangu, naye anaweza kupiga saa yoyote, basi nimejizuia mpaka sasa machozi yenyewe hayaji hata nikiwa peke yangu, na wanawake wa mtaani wameanza kusema mtoto huyu moyo wake ni mgumu.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie. Rachida alianza kuwa na wasiwasi, akasema akimaliza mtihani wa kwanza ataomba arudi amwone mama na kikohozi chake, na baba akaogopa ataacha masomo katikati, ndipo mjomba Iliasi, mdogo wa mama, aliyekuja toka Kabambare kwa msiba, akachukua simu ya mama akatafuta ndani yake, akapata sauti ambayo mama alikuwa amemrekodia yeye mwenyewe mwaka jana, kabla hajaanza kuumwa, anasema, "Mimi niko muzima, mwanangu, usiwaze, fanya kazi yako, Mungu akulinde," maana mama alimlea mjomba na alikuwa anamwita mwanangu. Mjomba akasema tuitume, siyo uongo, ni maneno ya mama mwenyewe. Baba hakumzuia. Na mimi ndiye niliyeituma, Mama Anastasie, kwa kidole changu hiki.

Rachida alipiga palepale kwa furaha. "Yaya! Nimesikia mama! Hakohoe tena! Nilikuwa napanga kurudia juu ya ile kikohozi, sasa moyo yangu iko sawa." Nikasema, "Ndiyo, iko muzuri." Nikakaa chini kwenye magunia ya mchele dukani.

Sasa wamempa nafasi kule Dakar, akitaka anaweza kuongeza muhula wa pili, na anatakiwa kujibu Ijumaa hii. Ameniambia, "Muulize mama tu. Akisema bakia, nitabakia. Akisema rudia, nitarudia. Mimi nangoja neno yake." Baba ameniambia, "Muambie mama amekubali, abakie." Mjomba anasema vilevile, anasema ndiyo mama angependa, na pengine ni kweli angependa, lakini mimi nikifungua mdomo kusema "mama amesema" nahisi kama naenda kumfukua. Na baada ya hapo kuna arobaini, ndugu watatoka Kabambare na hata Salamabila, kila mmoja na simu yake, wataweka picha, na mtu mmoja tu akiandika "pole Rachida" basi ameshajua. Nikimwambia, nimemvunjia baba heshima na pengine nimemharibia mdogo wangu masomo. Nikinyamaza, atabaki kule kwa sababu ya neno la mtu aliyekwisha kuzikwa. Nifanye nini?

Yaya wa Rachida, Kasongo

MAMA ANASTASIE ANAJIBU

Yaya wa Rachida, pole. Pole ya mama kwanza, maana naona hujapewa ya kutosha, na pole ya mzigo huu ambao watu wazima wawili wamekutwisha wewe.

Desturi hiyo naijua. Mimi ni Mkristo wa Wamaza, na kwetu pia msafiri anafichwa msiba. Nilikuwa Bujumbura najifunza kushona wakati kaka yangu Zacharie alipokufa, wakanificha mpaka niliporudi. Nilishuka kwenye pikipiki nacheka, naita jina lake toka barabarani aje kunipokea mizigo, na wanawake wakatoka nyumbani wanalia. Walinipenda, hawakunitakia ubaya. Lakini kile kicheko changu cha barabarani kinaniuma kuliko kilio chenyewe, mpaka leo.

Hata hivyo simlaumu baba yako kwa siku ya kwanza. Alimwona mtoto wake peke yake katika mji wa watu, akaogopa. Kosa lilianza mlipoona kunyamaza hakutoshi. Mjomba wako Iliasi anasema ile sauti siyo uongo. Anisamehe sana mjomba, ni uongo mkubwa kuliko ule wako wote wa rezo. Yale maneno mama aliyasema kwa mtu mwingine, kwa siku nyingine, akiwa mzima. Mmemfanya marehemu amdanganye mtoto wake. Na wewe binti, ulikuwa na kidole na ulikuwa na mdomo, ungeweza kusema hapana. Haya, nimekugombeza, imetosha.

Sasa nisikilize. Neno la mama kuhusu kubaki au kurudi usilipeleke, hata baba akiamuru, hata kama unaamini mama angelisema. Mama hana jibu tena. Rachida akibaki Dakar kwa neno hilo, siku atakapojua ukweli ataichukia Dakar, atayachukia masomo, na nyinyi nyumbani hatawaamini tena mkimwambia hata kwamba mvua imenyesha.

Nenda kwa baba yako leo, usimzunguke. Mpelekee chai, kaa chini, mwambie hutaki kuivunja desturi, unataka kuifuata. Desturi yenu haisemi msafiri asijue. Inasema asijue akiwa hana wa kumshika. Basi mtafutieni wa kumshika. Hukuniandikia habari za huyo, lakini haiwezekani mdogo wako anaishi Dakar bila kuwa na mtu, msichana mwenzake wa Bukavu, mke wa Mkongomani fulani, mama wa msikitini anayemsalimia. Namba yake mtaipata, mbona nyinyi ni hodari wa kutafuta vitu kwenye simu. Mpigieni huyo kwanza. Mwambieni ukweli wote, mwombeni aende kwa Rachida, ampe maji, amkalishe chini, amshike mikono, na asiondoke siku hiyo. Hapo ndipo simu ya nyumbani inalia.

Baba ndiye aseme. Ni mke wake, ni mtoto wake. Akikataa kabisa mpaka Alhamisi, utasema wewe, nami nitakubebea lawama. Mwambie ni Mama Anastasie aliyekutuma, anajua pa kunipata. Msianze na "mama anaumwa kidogo" halafu "anaumwa sana". Semeni amefariki, semeni amezikwa wapi na nani alimwosha. Na sauti ile mwambieni siku hiyo hiyo ilitoka wapi. Atakasirika. Mwacheni akasirike, ni haki yake. Lakini msiifute, maana baada ya miaka mtaitafuta wote wawili.

Mtihani? Walimu wa Dakar nao wana mama zao. Huyo atakayekuwa naye amsindikize ofisini, aeleze msiba, aombe siku chache. Kama atabaki muhula wa pili au atarudi, ataamua yeye mwenyewe akiwa anajua amefiwa. Na arobaini ifanyike siku yake, simu iwekwe katikati ya wanaosoma dua, naye aitikie amina toka huko aliko.

Bado jambo moja, na hili ni lako wewe. Umeniandikia kurasa kuhusu baba, kuhusu mjomba, kuhusu Rachida, na wewe mwenyewe umejitaja mahali pamoja tu, kwamba machozi hayaji. Hao wanawake wa mtaani wanaosema moyo wako ni mgumu hawajui kitu. Hujalia kwa sababu katika dunia nzima ni mtu mmoja tu mwingine anayemwita huyo mama, mama, na huyo ndiye uliyekatazwa kulia naye.

Basi Rachida akishaambiwa, akianza kulia, chukua hiyo simu, toka nayo nje, nawe ulie kwa sauti yako yote. Mara hii usimwambie kwamba humsikii. Mwache akate yeye.