Moyo wa Kagoya Uko Kulia

Jinja,
14 Juni 1997

Kwa kaka yangu mpendwa Muhamad,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba duka lenu hapo Mbale linapata wateja. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Kaka, nimepata ujumbe wako kwamba unakuja kunichukua mimi na binti yangu Kagoya, kwa kuwa mama mkwe anasema nimeleta mkosi nyumbani kwa mwanawe. Nakuomba usome haya kwanza.

Wajua Kagoya anakohoa tangu azaliwe. Alimezeshwa dawa za kifua kikuu mara mbili, bure. Mwezi uliopita mimi na mume wangu Isiko tulimpeleka kwa Daktari Nakisige, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alimsikiliza kifua upande wa kushoto, akarudia tena. Akahamia kulia, akatabasamu. Moyo wa mtoto uko kulia! Miaka sita hakuna aliyeutafuta huko.

Kisha akampitishia kiburashi puani, na Isiko vilevile, akatuonyesha kwa hadubini. Alisema njia ya hewa ina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi, na kwamba vingine kama hivyo huongoza moyo ukae kushoto mtoto akiwa bado tumboni. Vya Isiko vilipepea kama mpunga penye upepo. Vya Kagoya vilisimama tu.

Nilimuuliza kama kuna tiba. Akasema watafiti wanachunguza seli mama, zile zinazozaa utando mpya wa njia ya hewa ule wa zamani ukichakaa. Huenda siku moja wakazirekebisha na kuzirudisha kifuani mwa mtoto. Akaomba seli chache za Kagoya zipelekwe kwao zikakuzwe.

"Lakini sikudanganyi, Hajara," alisema, "tiba yenyewe bado haijapatikana."

Tulikubali. Kwa sasa tunampigapiga mgongo asubuhi na jioni ili makohozi yatoke, na homa ikianza tu anapewa dawa. Kaka, mtoto anakimbia! Anacheza na wenzake mpaka namwita ale.

Mama mkwe aliposikia ni ugonjwa wa kurithi, alisema basi imethibitika umetoka kwetu. Isiko akasimama. Akamwambia, "Mama, daktari amesema lazima utoke pande zote mbili. Nusu ni yangu, na yangu nimeipata kwako au kwa baba."  Kesho yake mama mkwe alikuja kuniomba nimfundishe kumpigapiga mjukuu wake mgongo.

Sasa nikwambie jambo ambalo Isiko pekee analijua: nina mimba ya miezi minne. Daktari ametueleza wazi kwamba katika kila mimba yetu, nafasi moja kati ya nne ni ya ugonjwa huu. Nimelifikiria sana, na sina hofu. Mtoto huyu, hata akizaliwa nao, atakuta wazazi wanaojua la kufanya tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo usije kunichukua. Njoo ututembelee, ule chakula changu, ulale, kisha urudi kwako peke yako.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Hajara