Wavu Wetu Katika Mchanga wa Kanyangi

Rafiki yangu Mumbua,

Je, mito miwili hutofautiana kwa wadudu walioko ndani yake, au hutofautiana kwa namna sisi tulivyowatafuta? Tulilibishania swali hili miaka yote ya utafiti wetu. Sasa nalibishania peke yangu, nikiinuka mezani na kuketi tena.

Tangu tukuzike kwenu Mbooni, mvua imenyesha na kukoma. Idara yetu inataka kuichapisha ripoti yetu, majina yetu mawili yakiwa juu. Inasubiri sahihi yangu tu. Sentensi yako ya mwisho ingali pale: vijito vya Mbooni vimejaa wadudu wa majini wa kila aina, na mito ya mchanga ya Kitui ni karibu mitupu.

Siwezi kuitia sahihi. Wala siwezi kuifuta.

Unakumbuka tulivyofanya kazi. Kule kwenu ulisimama kijitoni ukayachokora mawe kwa mguu, na maji yakasukuma wavuni kila kilichong'oka: vidudu vya mikia mitatu, na wale wanaojijengea vijumba vya changarawe. Kisha tukauleta wavu uleule kwetu Kanyangi, huku Kitui, kwenye mto usio na jiwe hata moja. Wanawake waliokuwa wakifua walituchekea: "Nyinyi wasomi, mnavua mchanga?" Niliposema wavu huu haufai hapa, ukanitania: "Dada, unautetea mchanga kwa sababu ni wa kwenu." Nilinuna njia nzima.

Mwezi uliopita nilirudi pale. Maji ya juu yalikuwa yamekwisha. Nikachimba hadi mkono ukazama begani, nikauosha ule mchanga mbichi katika sinia jeupe. Kitu kikajikunja. Kisha kingine. Nilikuita kwa sauti, Mumbua, kabla sijakumbuka.

Lakini shimo moja halithibitishi neno. Pengine ulisema kweli, na niliowaona ni wachache tu waliokimbilia unyevu. Kwenu hatukuchimba kamwe, kwa hiyo sina cha kulinganisha. Tena nikijaribu kujibu kwa niaba yako, najikuta nikijipendelea.

Sentensi yako nitaiacha ilivyo. Chini yake nitaandika shaka yangu, kwa jina langu pekee, ndipo nitie sahihi. Nakuahidi pia kuchimba kando ya kijito chenu, kwa kina kilekile. Kama maeneo yetu yanatofautiana kweli, bado sijui: msimu mmoja wa kuchimba hautoshi, na aliyekuwa akinibishia hayupo.

Pumzika, dada. Kesho naipeleka ripoti, nami sina hakika kwamba nimekutendea haki.