Fuchka ya Gosto

Nirod, uko macho? Nimetoka kula fuchka, vile vibofu vya kukaanga vya maji ya ukwaju, kwa Bishesh, pale Bagbajar.

Nilisimama peke yangu. Peke yangu, Nirod. Lakini Bishesh alikuwa akigawa kwa zamu: moja kwangu, moja pembeni yangu, kwenye kibakuli cha majani.

Nikamuuliza, "Hiyo unampa nani?"

"Si Gosto huyo, mzee. Mmenuniana tena?"

Gosto. Rafiki yetu, ambaye maiti yake tuliichoma sisi wenyewe Jumanne.

Nikatazama kibakuli. Kitupu, kimelowa maji ya ukwaju.

Ile kavu ya mwisho, isiyo na maji, ambayo humpa kila mteja bure, mimi nilipewa yangu. Ya pili Bishesh akaifunga kwenye gazeti. "Gosto hakuila. Kasema nimwekee Nirod, kesho anakuja naye."

Nirod, kesho usitoke. Akikuita mlangoni, usiitike kabla ya mara ya tatu. Wafu hawaiti mara tatu.